Mgeni wa Siku ya Tatu

Swali lenyewe niliulizwa usiku, umeme umekatika, tumekaa uani tunapepea jiko la mkaa. Aliyeniuliza hakujua kwamba anauliza swali la falsafa. Yeye alikuwa anataka gemu tu.

"Mjomba, hivi wewe unaweza kununua kitu ambacho kinapatikana bure?"

Ilikuwa likizo ya Desemba 2025. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, na alikuja kukaa nasi hapa Buzuruga na laptopu yake ya mtumba ambayo betri yake haimalizi saa moja. Gemu alilokuwa akililia linaitwa Hollow Knight: Silksong. Lilitoka tarehe 4 Septemba 2025. Lile lililolitangulia, Hollow Knight, alikuwa amelimaliza mara mbili, na alipewa na rafiki yake kwenye flashi bila kulipa hata senti tano. Sasa hili la pili lilikuwa linauzwa dola 20, yaani karibu shilingi 50,000 za kwetu. Na wakati huohuo lilikuwepo la bure, limepachikwa na watu huko mtandaoni, linangoja bando tu.

Nikamjibu kama wajomba wanavyojibu: "Hebu ngoja kwanza." Maana jibu sikuwa nalo. Na sababu ya kukosa jibu ndiyo imenifanya niandike makala haya.

Ndugu msomaji ambaye hujawahi kushika magemu, usinikimbie. Hili ni gemu la kurukaruka. Kuna kijitu, kuna vidaraja, miiba na mashimo, nawe unakimbia, unaruka, unaanguka, unaanza tena. Yeyote aliyewahi kumwona Mario anaelewa ninachosema. Ila hili limechorwa kwa mkono, na watu wake wote ni wadudu. Katika lile la kwanza wewe ni kidudu kidogo cheupe, kimya, silaha yako msumari, unashuka chini ya ardhi katika ufalme uliokufa uitwao Hallownest. Ukichoka unakaa kwenye benchi. Ukipotea unatega sikio, maana mahali fulani gizani yupo mdudu mchora ramani anaimba peke yake, mdomo kaufumba, na ukiifuata sauti yake utamkuta akuuzie ramani. Katika hili la pili wewe ni Hornet, bibie mwenye sindano na uzi, umechukuliwa mateka mpaka nchi ya mbali iitwayo Pharloom, na safari yako yote ni ya kupanda. La kwanza unashuka, la pili unapanda. Mpwa wangu alinieleza jambo hilo kwa macho ya mtu anayesimulia harusi aliyohudhuria.

Mwanzoni nilicheka. Kijana mzima na wadudu! Lakini umeme uliporudi akanionyesha lile la kwanza, akaniwekea na muziki wake, nikanyamaza. Kitu kilichotengenezwa kwa upendo kinajulikana tu. Ni kama kiti cha fundi mzuri: unakikalia kabla hujauliza nani alikichonga.

Walioyachonga magemu haya ni kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, kinachojiita Team Cherry. Wakuu wake ni wawili, Ari Gibson na William Pellen, pamoja na wenzao wachache sana, na muziki ni wa Christopher Larkin. Mwaka 2014 walipita kwa umma mtandaoni kuomba mchango, wakapata zaidi ya dola 57,000 za Australia. Gemu likatoka mwaka 2017 kwa dola 15. Kufikia mwaka 2025 lilikuwa limeuza nakala milioni 15. Sasa angalia jambo moja. Wakati wa ule mchango waliahidi kwamba fedha zikifika kiwango fulani watamwongeza Hornet awe mtu wa kuchezwa. Fedha zikafika. Ile ahadi ikakua, ikakua, mpaka ikawa gemu zima linalojitegemea, wakalitangaza mwaka 2019, halafu kimya. Watu wakangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa utani. Lilipotoka hatimaye, maduka makubwa ya magemu mtandaoni yalizidiwa na wateja. Na wale waliochanga mwaka 2014? Walipewa bure, kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Bei hiyo ya dola 20 nayo ilizua maneno. Watengenezaji wengine wadogo walilalamika: hawa jamaa wana jina kubwa na fedha za miaka minane, wakiuza rahisi hivi sisi wengine tutauzaje? Ukiishi jirani na stendi ya Buzuruga unalielewa lalamiko hilo bila mkalimani. Basi moja la Musoma likishusha nauli asubuhi, abiria wanashangilia, na wapiga debe wa mabasi mengine wanatukana. Rahisi ya huyu ni njaa ya yule.

Tena rahisi kwa nani? Wenzetu wakisema dola 20 ni bei ya chee, wanahesabu kwa mifuko yao. Kwa mpwa wangu, 50,000 ni nauli, ni uji wa asubuhi, ni kurasa za kuchapisha kazi za darasani. Kwa hiyo usiku ule sikuweza kumwambia tu "lipa bwana, kuiba dhambi." Kwanza ningekuwa nimerahisisha mambo. Pili, ningekuwa mnafiki wa daraja la kwanza.

Hapo ndipo inabidi nikwambie nilikuwa nani mwaka 2009.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kaka mmoja wa mtaani akanipa kazi kwenye kibanda chake karibu na stendi. Tulikuwa tunachaji simu, tunauza vocha, na tunarusha nyimbo. Vijana wa leo hawajui kurusha nyimbo. Mteja anakuja na memori kadi, unaiingiza kwenye kompyuta, anachagua nyimbo, milio na magemu, unamjazia, anakulipa. Nyimbo kumi mia tano. Gemu moja mia mbili. Siku ya mnada au ya mshahara tulikuwa hatupumui.

Gemu lililotuuzia kuliko yote lilikuwa la mpira mwekundu. Wa umri wangu wote wanalijua. Lile la kwanza, Bounce, lilikuja ndani ya simu za Nokia mwanzoni mwa miaka ya 2000: kimpira chekundu, kinadunda, kinapita kwenye mapete, kinakwepa miiba. Kikijazwa upepo kinakuwa kikubwa na kuelea majini, kikipunguzwa kinazama. Mimi nilijifunzia kwenye simu ya shangazi, kila alipoingia kuoga. Halafu mwaka 2008 ukaja mwendelezo wake, Bounce Tales, na huo ndio uliotutoa akili. Rangi! Vilima! Mpira ule ule, sasa una macho na uso, unaviringika kwenye mabonde, unaweza kugeuka jiwe ukavunja vizuizi, unaweza kugeuka mwepesi ukapeperuka. Watu wazima, makondakta wa mabasi ya Magu na Bunda, walikuwa wanasimama kibandani kwetu wameinamia kioo kidogo kama wamepokea telegramu ya msiba, kumbe wanaokota mayai ya kwenye gemu.

Wenye simu za Kichina nao waliutaka mpira. Mara nyingine simu zao zililikataa gemu, mara nyingine zililikubali likawa linakwamakwama, nao wakalipa hivyo hivyo. Na alikuwepo mtoto mmoja wa darasa la tano, hana simu, hana kadi, alikuwa anakuja na shilingi hamsini. Namwachia simu yangu dakika kumi. Siku akikosa hamsini namwachia bure, maana ukimwona anavyoucheza, ulimi nje, mabega yanapanda na kushuka na mpira, huwezi kumfukuza.

Sasa nikuulize, msomaji. Unajua nani aliutengeneza Bounce Tales? Mimi nilikuwa sijui. Niliuza nakala zake, kwa makadirio yangu, mamia, na sikujua. Nilidhani Nokia. Na kwenye kompyuta yetu hata hilo jina la Bounce Tales tulilifuta, tukaliandika "MPIRA 2", ili wateja walione haraka.

Walioutengeneza ni Rovio, kampuni ndogo ya Ufini, iliyoanzishwa mwaka 2003 na wanafunzi watatu wa chuo baada ya kushinda shindano la kutengeneza gemu la simu. Nimekuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima. Na nilipoangalia mwaka, moyo ukapiga. Mwaka 2009, mwaka ule ule niliokuwa nahesabu mia mbili mia mbili za MPIRA 2 pale stendi, Rovio walikuwa karibu kufilisika. Walikuwa wamepunguza wafanyakazi kutoka hamsini hivi mpaka kumi na wawili. Kazi ya mikono yao ilikuwa mifukoni mwa watu dunia nzima, na wao wanahesabu siku. Mwezi Desemba mwaka huo wakatoa Angry Birds, gemu lao la 52, na historia ikageuka. Mwaka 2023 kampuni ya Sega ya Japani iliwanunua kwa zaidi ya euro milioni 700. Kwa hiyo leo hakuna haja ya kuwaonea huruma. Wala sisemi mia mbili zangu ndizo zilizowatia njaa. Gemu lile walilitengeneza kwa ajili ya Nokia, na wasingetarajia senti kutoka kibandani kwetu. Ninachosema ni kwamba nilikula matunda ya mti nikafuta na jina la aliyeupanda, na sikusikia kitu. Hata mwasho.

Miaka ikapita, nikawa mwandishi. Ninyi mnaosoma jarida letu mnajua linavyotoka: tunaandika wenyewe, tunapanga wenyewe, tunabana pini wenyewe, tunauza shilingi 1,000, na hela ikirudi tunanunulia karatasi za toleo lijalo. Sasa mwaka 2024 rafiki akaniletea toleo letu ambalo si letu. Limetolewa fotokopi, kurasa zimepinda, linauzwa shilingi 500 kwenye duka moja la steshenari karibu na chuo. Ukurasa wa mwisho, wenye majina yetu na namba ya kutuma kazi, haukuwemo. Waliuacha ili kubana karatasi.

Nikaenda pale nimevimba. Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nimeitaja mpaka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, nikaitaja na COSOTA, mimi ambaye mwaka 2009 ningesikia jina hilo ningedhani ni aina ya mbolea. Kijana wa dukani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Halafu akaniangalia vizuri.

"Samahani, kaka. Wewe si ndo ulikuwa unarusha nyimbo pale stendi zamani?"

Nikasema ndiyo.

"Mi ndo yule dogo wa mpira. Ulikuwa unaniachia simu."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Tulicheka, ndiyo, lakini cheko langu lilikuwa la mtu aliyejikwaa mbele za watu. Tena akaniongezea jambo lililoniuma zaidi, na hakulisema kwa ubaya: wanafunzi wengi 1,000 hawana, 500 wanayo. Na ni kweli. Baadaye tulipata barua mbili za wasomaji waliolijua jarida kwa fotokopi ile, walihangaika wenyewe mpaka wakatupata, na mmoja wao anaandika nasi mpaka leo.

Basi ndiyo maana mpwa wangu aliponiuliza usiku ule, nilimwambia angoje. Nilikuwa nimeshasimama pande zote mbili za meza.

Tulijadiliana siku tatu, mimi na yeye, na nitakueleza hoja zake kwa haki, maana hazikuwa za kitoto.

Hoja ya kwanza: "Wale ni matajiri, Mjomba. Wameuza milioni kumi na tano! Hamsini yetu itawaongezea nini?" Hii nilimjibu haraka. Mwenye mitumbwi kumi pale Mwaloni ukimwibia sato mmoja, wingi wa mitumbwi hauwezi kukutakasa. Haki ya mtu haipungui kwa sababu ameshiba.

Akanikamata hapo hapo. "Sawa, lakini sato ukimwibia, yeye anabaki hana sato. Gemu nikilinakili, wao bado wanalo." Hii ndiyo hoja ya pili, na ni nzito. Kunakili hakumwondolei mtu kitu mkononi. Nikafikiri usiku kucha, asubuhi nikampa mfano wa daladala. Gari linatoka Buzuruga kwenda mjini, lina siti moja tupu. Ukidandia bila kulipa, konda amepoteza nini? Siti ilikuwa tupu, gari lilikuwa linakwenda. Hesabu ya leo inakutetea. Lakini kila abiria akisema hivyo hivyo, kesho gari halina mafuta, na keshokutwa hakuna daladala. Kwa hiyo anayepanda bure anabebwa na nauli za wenzake. Yule rafiki wa flashi, na mimi wa kibandani, na wewe wa fotokopi, sote tumebebwa na mtu aliyelipa.

"Na ambaye hana nauli kabisa?" akaniuliza. "Atembee?"

Hii ya tatu ndiyo ilinikwamisha. Maana namkumbuka yule dogo wa darasa la tano. Asingelipa hata angetaka. Hakukuwa na duka Mwanza nzima la kumuuzia mtoto wa hamsini gemu la Ufini. Ningemnyima simu yangu, mtengenezaji asingepata kitu, na dogo angekosa dakika kumi za furaha. Uadilifu wa namna hiyo ni ubahili uliovaa kanzu. Hata barabarani tumelikubali jambo hili: mwanafunzi wa shule analipa nauli ndogo, na konda mwenye utu akimwona bibi ana kapu na hana kitu anamwambia panda tu. Safari si ya wenye fedha peke yao.

Basi mstari uko wapi? Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, aligawa vitu kwa namna iliyonisaidia. Vipo vitu vyenye bei ya sokoni, ambavyo tunavihitaji. Vipo vyenye bei ya mapenzi, ambavyo hatuvihitaji ila vinaifurahisha nafsi kama mchezo. Na kuna yasiyo na bei, yenye heshima, ambayo huwezi kuyabadilisha na kitu kingine. Na mfano mmoja aliotoa wa hayo ya mwisho ni uaminifu katika ahadi. Nilipolisoma hilo niliwaza wale watu wa Adelaide. Gemu lao lina bei ya mapenzi, na bei ya mapenzi inaweza kuwa 20, inaweza kuwa 200, inaweza kuwa shilingi hamsini kwa dakika kumi. Ila miaka ile waliyokaa wakichora ili kutimiza neno walilowapa watu mwaka 2014, hiyo haina bei. Hapo hulipi. Hapo unaheshimu tu, au unadharau.

Tena nikamwonyesha mpwa wangu jambo ambalo hakuwa analijua. Gemu hili waliliuza hata katika duka la GOG, ambako magemu hayatiwi kufuli. Ukinunua, faili ni lako, unaweza kumgawia mtaa mzima na hakuna mtambo wa kukuzuia. Walijua hilo na wakaliweka. Duka limeachwa wazi na mwenyewe hayupo, kaacha kibakuli cha kuwekea hela. Sasa pale unajipima mwenyewe. Akanyamaza. Nadhani hoja hii ilimgusa kuliko ya daladala.

Na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye jibu langu, ila halikutoka kwa Mjerumani. Limetoka kwa methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalia jinsi methali hii ilivyo na huruma na ukali kwa pamoja. Haimwambii mgeni "lipa kabla hujala." Siku mbili anakula, analala, anacheka na watoto, hakuna anayemdai. Lakini siku ya tatu, asipolishika jembe, ameacha kuwa mgeni, amekuwa kupe.

Kila anayependa kazi ya mtu mwingine aliipata kwanza kama mgeni. Mimi niliupata mpira kwenye simu ya shangazi. Mpwa wangu aliwapata wadudu wake kwenye flashi ya rafiki. Dogo wa darasa la tano alifika na hamsini. Wale wanafunzi wawili walilipata jarida kwa fotokopi iliyopinda. Siku mbili hizo sioni dhambi yake. Bila hizo, watoto wa Buzuruga wangekuwa wanaisikia dunia kwa jirani tu.

Ila mimi kibandani nilikaa siku ya tatu, ya nne, ya mia, nikala, nikauza na chakula chenyewe, na jembe sikuligusa. Na katika yote niliyoyafanya, hela si ndiyo inayoniuma zaidi. Linaniuma lile jina nililofuta. Kuandika "Bounce Tales" kulikuwa hakunigharimu kitu. Vivyo hivyo yule kijana wa steshenari: ile 500 yake nimemsamehe zamani, maana aliwafikishia wasio na 1,000. Ukurasa wa majina ndio ulionitia uchungu. Asiye na hela anaweza kutaja jina. Kwa hiyo hakuna maskini wa kushindwa kila kitu.

Jembe basi lina mipini mingi. Mwenye nacho alipe, tena alipe akijua anamlipia na yule asiyenacho. Asiyenacho ataje jina la fundi na asimwache mwingine alifute. Na mwenye kipaji achonge chake, amwachie mgeni ajaye. Sikatai kwamba mtu mjanja anaweza kuifanya methali hii kichaka, akasema kila siku "mimi leo ni siku ya pili." Nani atakuhesabia siku? Hakuna. Unajihesabia mwenyewe, na kwa kawaida unajua.

Mpwa wangu alijua. Lile la kwanza alikuwa amelicheza mara mbili, analijua kama uwanja wa kwao. Siku ya nne akaniambia, bila mimi kumwuliza: "Mjomba, nadhani mimi siku zangu zimeisha." Akaenda kufanya kibarua cha saidia fundi, siku mbili, kwenye nyumba inayojengwa kule Nyakato. Alirudi na 20,000 na mikono imechubuka na saruji. Mimi nikatoa 30,000. Tukatengeneza ile kadi ya mtandaoni ya kwenye pesa za simu, ikagoma mara ya kwanza, ikakubali ya pili. Mama yangu alikuwa anatuangalia tu. Alipoambiwa kwamba mjukuu wake amebeba zege siku mbili ili anunue mdudu wa kwenye kompyuta, alisema maneno ya Kisukuma ambayo siwezi kuyaandika humu.

Gemu lenyewe ni gumu vibaya. Dunia nzima wamelalamika kwamba ni gumu, na mpwa wangu alikufa usiku mzima mahali pamoja. Mimi nilijaribu, nikafa ndani ya dakika mbili. Lakini hajawahi kulalamika kwamba kaibiwa hela yake. Alirudi chuoni Januari akiwa bado anapanda.

Kabla hajaondoka nilimwuliza lile la kwanza atalifanyaje, maana nalo lilikuwa halijalipiwa. Akasema atalinunua, ila polepole. Sikumsukuma. Mimi mwenyewe nina mamia ya MPIRA 2 ambayo sitaweza kuyalipa kwa mtu yeyote, na dogo wa hamsini sasa ana duka.

Duka lake linauza toleo letu kwa fotokopi mpaka leo, kwa makubaliano. Shilingi 500, na mia moja inarudi kwetu. Ukurasa wa majina upo. Kama hili unalolisoma limepinda pembeni na wino umefifia, basi umelipata kwake, na karibu sana, kaa, soma. Ukimaliza, geuza ukurasa wa mwisho. Namba ya kutuma kazi yako iko pale chini.